Shangazi, klabu inataka kumvisha kijana koti langu

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nina miaka 38, mke na watoto wawili. Naomba jina langu lisitoke. Mji umekuwa mkubwa tangu serikali ihamie, lakini sisi wakimbiaji wote tunafahamiana.

Niko kwenye klabu ya joging tangu 2018. Jumamosi alfajiri tunaanzia Nyerere Square. Wenye vitambi wanaishia Makole na kurudi kunywa supu, sisi wengine tunapanda mpaka Chimwaga. Mwaka juzi tulipata mwenzetu mgeni, Mskoti, mhandisi aliyekuja kwenye mradi wa maji. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba kwao kuna mbio za milimani zinazofanyika katikati ya baridi, mwezi wa Januari, kilomita 80 na ushee, zaidi ya nusu yake gizani. Akanigeukia akasema, "Mwalimu, hizi wewe unaziweza." Mkataba wake ulipoisha akarudi kwao, akaniandikisha. Malazi na chakula juu yake. Nauli, viza na vifaa juu yangu.

Shangazi, mshahara wa mwalimu unaujua. Klabu ikaunda kamati, kama ya harusi, kadi zikachapwa. Ilikuwa Oktoba, mwezi mmoja tu tangu Simbu wa Singida achukue dhahabu ya dunia kule Tokyo, na watu wa kanda ya kati tulikuwa bado tunatembea vifua mbele. Ukitaja mbio, mtu anaingiza mkono mfukoni. Zikapatikana milioni tano na laki nne. Mzee mmoja wa Chamwino alitoa mbuzi. Mama anayetuuzia vitumbua pale tunapomalizia mbio alitoa elfu ishirini, sarafu za mia tano tano, zimefungwa kwenye leso.

Viatu nilinunua vipya. Koti la mvua nilinunua soko la Sabasaba, mtumba, elfu kumi na tano: jekundu, lina kofia, lina lebo ya Ulaya. Kwenye orodha ya vifaa, koti lisilopitisha maji ni lazima, na mvua ya kulijaribia huku ilikuwa bado haijaanza, kwa hiyo nililiamini kwa lebo yake. Nikapata na kiburi kingine. Rafiki yangu aliponitumia ramani niliona kilele cha juu kabisa ni mita 900 na kidogo. Nikacheka. Sisi Dodoma tumekaa mita 1,100! Nikawaambia wenzangu naenda kukimbia bondeni.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, giza totoro. Kule Januari jua linachomoza karibu saa tatu, na ikifika saa kumi jioni limeshazama. Theluji ya kutisha ya kwenye picha haikuwepo. Mvua tu, iliyochanganyika na vipande vya barafu, na upepo. Walisema ni nyuzi mbili. Kilomita thelathini za mwanzo nilikuwa nawapita watu. Njia ni matope meusi yanayomeza mguu hadi goti, na vijito vya kuvuka kwa miguu kila baada ya muda. Kwenye kilomita ya arobaini hivi nikahisi maji yanatembea mgongoni, ndani ya koti. Nikadhani jasho. Baadaye vidole vikakataa kufungua pakiti ya biskuti, nikaacha kula. Nikaanza kutetemeka. Kisha mbio zikageuka kutembea, na wale niliowapita wakaanza kunipita. Mmoja wao, mama wa makamo, aliniuliza kitu. Nilimjibu, ila sikumbuki kwa lugha gani.

Kituo cha kilomita ya 53 kilikuwa ndani ya zizi la mawe. Mama mmoja wa kujitolea alinitazama machoni, akaniuliza jina, akaniambia nifunge zipu ya koti langu. Nikashindwa. Akauliza kama naendelea. Nikasema hapana. Shangazi, hakuna aliyenilazimisha, neno limetoka kinywani mwangu mwenyewe. Wakanivua nguo, wakaniingiza kwenye mfuko wa kulalia, wakaninywesha chai ya sukari nyingi. Kwenye matokeo, mbele ya jina langu pana herufi tatu za Kiingereza. Maana yake: hakumaliza.

Nilikuwa nimewatumia wenzangu ujumbe mmoja tu: "Namshukuru Mungu, niko salama." Wao wakausoma walivyotaka. Niliposhuka kwenye treni ya SGR kutoka Dar, wako stesheni na ngoma. Mwenyekiti akanivisha taji la maua akapaza sauti, "Akhwari wetu amerudi!" Ningesema palepale. Lakini nilimwona mama wa vitumbua anafuta machozi ya furaha, nikanyamaza. Siku ya kwanza sikusema uongo, nilinyamaza tu. Kesho yake wakaniuliza nimetumia muda gani, nikasema saa kumi na sita. Hapo ndipo mdomo ulipoanza kazi. Nikahojiwa redioni. Medali nikasema kule hawatoi, wanatoa fulana. Na fulana nilikuwa nayo, tulipewa wote siku ya kujiandikisha. Klabu ikanizawadia laki tano na kitenge cha mke wangu. Na kilichowafurahisha kuliko vyote ni koti: mwalimu kamaliza milima ya Ulaya kwa koti la elfu kumi na tano la Sabasaba!

Mke wangu hajaniuliza lolote. Ile fulana aliifua, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku.

Sasa klabu inamwandaa kijana mwingine aende Januari ijayo. Ana miaka 22, ana mbio kuliko mimi, mwembamba kama fito. Kamati imeamua kuokoa pesa: atavaa koti langu, eti lina baraka. Wiki iliyopita aliniuliza kama kweli linatosha. Nikamwambia linatosha.

Nifanye nini? Ninyamaze, nimwombee kijana wa watu? Au nisubiri mpaka nipate milioni tano na laki nne, niwarudishie, ndipo niseme? Nikisema leo mikono mitupu wataniita tapeli.

Mwalimu wa Koti, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili, nilipofika pale penye "nikamwambia linatosha", nilikasirika, nikaiweka chini ya Biblia yangu siku nzima ili nisikujibu kwa hasira. Umeandika barua ndefu juu ya aibu yako, na kijana umempa mistari minne mwishoni, kama mtu anayekumbuka kusalimia watoto. Mimi nitaanza na huyo huyo kijana.

Mpigie leo. Usisubiri kikao, usisubiri mwenyekiti arudi safari, usisubiri ujasiri. Mwambie, "Lile koti liliingiza maji, na mimi sikumaliza." Kama wiki hii yote una nguvu ya sentensi moja tu, mpe yeye hiyo.

Ngoja nikuambie kwa nini sikopeshi muda hapo. Wasomaji wa zamani wanajua nimekuwa mkunga Mpwapwa miaka 27. Utashangaa nikikuambia kwamba ugonjwa uliokutoa mlimani naufahamu, na sijawahi kukanyaga theluji. Joto la mwili wa binadamu ni kama nyuzi 37. Likishuka chini ya 35 sisi wauguzi tunaita haipothemia, na mimi nimeiona wodini, mwezi wa Julai, usiku, upepo wa Kiboriani ukipenya chini ya mlango. Mtoto kazaliwa mzima, analia vizuri, halafu mtu anasahau kumkausha kwa dakika chache tu. Unamgusa mguu, ni wa baridi kama chura. Ndiyo maana mtoto akitoka tu, kabla hata ya kuhangaika na kitovu, tunamfuta, tunamvua kitambaa kilicholowa, tunambandika kifuani kwa mama yake. Njiti ndiyo usiseme, hana mafuta mwilini ya kumkinga.

Kwa hiyo baridi inayoua haihitaji theluji. Inahitaji maji, upepo, na mwili usio na nyama. Kijana wenu mwembamba kama fito, kwa macho yangu ya ukunga, ni mtoto mchanga mwenye miguu mirefu. Maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Siku koti lilipokuingizia maji mgongoni ulikuwa hujavaa koti tena, ulikuwa umevaa kijito.

Na nyuzi zako mbili hizo! Watu wanaogopa nyuzi kumi chini ya sifuri, na kumbe baridi kavu mtu akijivika vizuri anaishi nayo. Mbaya ni hiyo iliyo juu kidogo ya sifuri, ambamo mvua inabaki kuwa mvua, inakulowesha, kisha upepo unamalizia. Kuhusu mita 900 ulizozicheka, wewe ni mwalimu, sitakufundisha jiografia. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Uskoti ni nyuzi 57 hivi kaskazini, bahari imeizunguka pande tatu, jua la Januari linachungulia tu kisha linajirudia ndani. Mlima wa huko ni mfupi kama unavyosema. Wa kwetu hapa Mlimwa nao ni mfupi, lakini hakuna aliyewahi kupanda Mlimwa akasahau lugha yake.

Maana hapo ndipo niliposhika kichwa. Sikuogopa sana niliposoma habari za kutetemeka. Kutetemeka ni dawa, mwili unajipikia joto. Niliogopa uliposema hukumbuki ulimjibu yule mama kwa lugha gani. Mtu anayekimbia ni kama jiko: kuni zikiwemo na moto ukiwaka, hata mvua ataivumilia. Matope yakimpunguza mwendo, moto unafifia. Vidole vikishindwa biskuti, kuni zimekwisha. Kisha vinaondoka kwa zamu: kwanza vidole, halafu miguu inajikwaa, ulimi unakuwa mzito, na mwisho akili. Akili ikiondoka haiagi. Wapo waliokutwa wamevua nguo zao wenyewe kwenye baridi kali kwa sababu walihisi joto. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza, "Unaendelea?" anaweza kukujibu "Ndiyo" kwa tabasamu.

Wewe ulisema hapana. Unaliita neno hilo aibu yako. Mimi nasema lilikuwa neno la mwisho la akili yako kabla haijafunga duka, na umshukuru Mungu kituo kilikuwa kilomita ya 53 na si ya 60. Yule mama hakukuambia ufunge zipu kwa sababu ya heshima. Alikuwa anapima vidole na kichwa chako kwa mara moja. Ningempata ningemwajiri wodini.

Kama bado unadhani mkimbiaji wa kweli hasimami, sikiliza haya. Mei 2021 huko China, mkoa wa Gansu, watu 172 walianza mbio za milimani za kilomita 100. Haikuwa hata majira ya baridi. Mchana hali ya hewa ikageuka ghafla, upepo mkali, mvua ya baridi na mawe, wakiwa wamevaa kaptula na fulana. Wakafa 21. Miongoni mwao alikuwa Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji bora wa masafa hayo nchini mwao, mtu wa kushinda, si wa kushiriki. Koti la kuzuia upepo halikuwa la lazima kwenye orodha yao ya vifaa. Wengine sita walipona kwa sababu mchungaji wa kondoo, kama hawa tunaopishana nao njia ya Bahi, aliwaingiza pangoni mwake akawawashia moto. Nikifikiria lile pango na lile zizi lako la mawe, naona kitu kilekile, isipokuwa wewe ulifika kwa miguu yako.

Kuna na zile mbio za Spine, Uingereza, kilomita 431 katikati ya Januari, zinaishia hukohuko mpakani mwa Uskoti. Mwaka 2019 mshindi wa wote, wanaume kwa wanawake, alikuwa Jasmin Paris, saa 83 na dakika 12, na vituoni alikuwa anakamua maziwa kwa ajili ya mtoto wake anayenyonya. (Nilipolisoma hilo niliwaita wakunga wenzangu wawili wastaafu tukacheka mpaka machozi. Sisi tulikuwa tunanyimwa ruhusa ya saa moja.) Habari hiyo ilizunguka dunia. Isiyozunguka sana ni kwamba katika mbio zilezile, Eugeni Roselló Solé wa Hispania, aliyewahi kuwa bingwa wake, alilazimika kuokolewa zikiwa zimebaki kilomita kama 6. Sita, kati ya 431. Hakuna aliyemwita tapeli.

Mwenyekiti wenu amekuita Akhwari. Mzee Akhwari ni baraka ya nchi hii na simgusi. Lakini ile hadithi tunaisimulia nusu. Marathoni ya Olimpiki, Mexico, 1968, mji uliokaa mita 2,240, yeye kaanguka, goti limeumia, anaingia uwanjani usiku akichechemea, wa mwisho. Wa mwisho kati ya wangapi? Walianza 75, wakamaliza 57. Yeye ndiye wa 57. Wale 18 walioishia njiani nao walikuwa wametumwa na nchi zao, na hakuna aliyewazomea. Halafu goti na baridi si ugonjwa mmoja. Goti linauma, na maumivu yanakuambia ukweli. Baridi inakudanganya. Mwenye goti bovu anaweza kuamua kuendelea, kwa kuwa bado ana kichwa cha kuamulia.

Sasa tuje kwenye pesa, maana naona ndizo zinazokukosesha usingizi, na hapo umechanganya mambo mawili.

Milioni tano na laki nne ulichangiwa uende. Ulienda. Tiketi ilikatwa, viza ililipwa, viatu vilinunuliwa, miguu yako ilikanyaga yale matope. Mzee wa Chamwino hakutoa mbuzi kwa sharti la medali, na mama wa vitumbua hakukukopesha. Mchango wa safari haurudishwi kwa sababu safari imekuwa ngumu, kama vile ndoa ikivunjika hatuwarudishii watu pesa za kamati. Unachodaiwa ni hesabu: karatasi moja inayoonyesha kila shilingi ilikwenda wapi. Kusubiri mpaka upate milioni tano ndipo useme ni njia tu ya kutokusema, na wewe unajua. Kijana anaondoka Januari. Kwa mshahara huo unaousema utazipata lini?

Laki tano ni habari nyingine. Hizo ulipewa kwa kumaliza. Hukumaliza, kwa hiyo si zako. Zirudishe, hata kwa awamu, hata ukikopa kwenye kikoba cha shule. Na uombe jambo moja: zikanunue koti la kijana. Jipya, lenye mishono iliyozibwa kwa ndani, na glavu zisizopitisha maji, na fulana ya ndani ya sufu, si ya pamba. Pamba ikilowa inashika maji kama dekio. Kitenge usimvue mkeo. Hicho kaa nacho kimya.

Mkeo. Mwanangu, mkeo anajua. Mwanamke ambaye mumewe amerudi na fulana ya ushindi haifichi chini ya sanduku, anaianika uzioni mpaka majirani waione. Labda uliongea usingizini, labda aliona uso wako pale stesheni wakati wengine wanatazama maua. Amekaa anakusubiri, na amekusubiri kwa adabu. Mwambie kabla ya klabu. Usimtengenezee hotuba. Akiwa anachambua mchele jioni, kaa karibu naye umwambie.

Na huyo kijana naye, nina wasiwasi mwingine juu yake. Una hakika hajui? Ana miaka 22, ana simu, anajiandaa kwa mbio zilezile, na matokeo umesema yako wazi na jina lako lipo na herufi zake tatu. Mimi bibi nisiyejua kutumia hizo simu ningeyatafuta. Inawezekana hakukuuliza habari za koti. Inawezekana alikuwa anakufungulia mlango, kwa heshima, kama kijana anavyomfungulia mwalimu wake, ili uingie mwenyewe. Wewe ukaufunga kwa neno "linatosha". Kama ndivyo, simu ya leo itakuwa nyepesi kuliko unavyoogopa. Kama sivyo, basi unaokoa maisha. Kwa vyovyote piga.

Asikate tamaa ya kwenda. Sitaki ujumbe wangu ufike kwake kama katazo. Ila mbio alizonazo hazitamsaidia sana kule. Kitakachomsaidia ni kujua kufungua biskuti akiwa amevaa glavu zilizolowa, gizani, taa kichwani, upepo unampiga. Hilo Dodoma linafundishika, mvua zikianza mwezi wa Desemba. Na kama klabu ina nauli ya ziada, mpelekeni Makete wiki mbili za Juni au Julai, alale kule, aamke aone barafu kwenye majani, akimbie na mvuke ukimtoka mdomoni. Wewe ndiye wa kumfundisha, na huwezi kumfundisha huku unamdanganya. Anahitaji kujua hasa pale kwenye kilomita ya arobaini ulipodhani ni jasho. Klabu nzima ya Dodoma hakuna mwingine mwenye habari hiyo. Umeifukia kwa sababu ya taji la maua.

Mwenyekiti mwone ana kwa ana, nyumbani kwake, baada ya mke na kijana. Ataumia zaidi ya wote kwa sababu ndiye aliyepaza sauti. Mwache aumie, usimkatize kwa kujitetea. Redioni rudi baadaye, klabu ikishajua. Usiwaache wakusikie kwenye spika ya bodaboda.

Watakuita tapeli? Wawili watatu, ndiyo. Wengine watakutania, na watani wa hapa hawana huruma. Jiandae kupewa jina, naona kabisa unaitwa Mwalimu Kilomita 53. Litakusumbua hadi masika. Wapo watakaoacha kukuchangia milele, hiyo ndiyo bei yake na utailipa. Mama wa vitumbua simjui, sitakutabiria. Yeye mfuate mwenyewe, asubuhi, kabla wateja hawajajaa, na usinunue kitu siku hiyo.

Jumamosi, mkishamaliza mbio pale Nyerere Square, omba dakika kumi. Usianze na samahani ndefu, watu wanasubiri supu. Lete lile koti jekundu, livae juu ya shati jeupe la shuleni, funga zipu mpaka kidevuni, kisha mwombe kijana akumwagie ndoo ya maji polepole, mabegani. Halafu livue mbele yao wote waone shati. Baada ya hapo maneno yatakuja yenyewe, na hata mweka hazina hatauliza tena kwa nini kijana anahitaji koti la bei kubwa.

Ndoo moja inatosha. Ubebe na nguo ya kubadilisha, upepo wa Dodoma asubuhi nao si wa kuchezea.

Shangazi